Kengele ya Mbuzi kwenye Njia ya Ansab

Mjukuu wangu Maryam ameniletea daftari na kalamu, akaniambia wenzake wa kundi lao la kukimbia wanataka niwaandikie njia nzuri. Anasema wamechoka kuzunguka mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, kila Ijumaa asubuhi wakiangalia kuta za majumba ya watu. Wanataka njia yenye mitende, maji na milima. Wamesikia kwamba babu alikuwa mkimbiaji.

Nilikuwa nikikimbia, ni kweli. Lakini nyinyi mnakimbia mrudi pale pale mlipoanza, mpige picha, mnywe juisi. Mimi nilikimbia kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtu anangoja barua. Nilikuwa tarishi wa miguu, kati ya Matrah na Ansab, kwa miaka sita, na mpaka leo sijapata kazi nyingine niliyoipenda hivyo. Njia nitawaandikia, msiwe na wasiwasi. Ila mtanivumilia, maana siwezi kuitaja njia bila kumtaja mtu niliyemkuta humo.

Naanza na njia ya kutoka Matrah kupanda mlima mpaka Ruwi. Tokeni baada ya sala ya alfajiri. Kwenye mlima msikimbie, tembeeni, mikono kiunoni, na mtu asiwacheke. Mkifika juu jua litakuwa linaanza kugusa majabali, yanageuka rangi ya mkate uliochomwa vizuri, na bonde lote la Ruwi liko chini yenu. Zamani palikuwa na visima, ngome na mbuzi. Sasa pana maofisi na magari, lakini Ijumaa alfajiri magari yamelala na milima ni ile ile. Hapo juu nilikuwa nasimama kidogo kila safari, nikijidai nafunga kamba za viatu.

Aliyenifundisha kutokimbia mlimani ni Mzee Dilmurad, Mbaluchi wa Matrah mwenye miguu myembamba na ndevu zilizotiwa hina. Alikuwa tarishi wa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi ambaye barua za watu wa mashamba zilikuwa zikipitia dukani kwake. Magoti yake yalikuwa yameshachoka, na alikuwa akitafuta mtu wa kumrithi. Nilipokwenda kuomba kazi, alinitazama miguu kabla hajanitazama uso. Kumbe alikuwa ameishi Unguja miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Darajani kabisa.

"Wajua kukimbia, weye?" akaniuliza.

"Nilikuwa nikikimbia skuli, mzee. Mbio za maili moja."

"Skuli mlikuwa mkikimbilia nini?"

"Kikombe."

"Huku utakimbilia kivuli," akasema. "Njoo kesho alfajiri, na hiyo suruali kaivulie mbali."

Tulikuwa tumefika mwaka wa sitini na nne, mimi na mama yangu, na sanduku moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulivyoondoka Unguja sitawaeleza. Mama aliyafunga moyoni mwake na mimi nayaacha huko huko. Baba alikuwa amefariki zamani. Ansab palikuwa na binamu yake, na yeye ndiye aliyetupa chumba kimoja pembeni mwa shamba lake la mitende. Mama alikaa huko. Mimi nililala Matrah siku za kazi, na mara mbili kwa wiki mkoba wa barua ulinipeleka mpaka mlangoni kwa mama, nikalala kwake, nikarudi asubuhi yake.

Watu wa kijiji hawakuwa wabaya, lakini walikuwa wakitutazama. Walikuwa wamesikia kwamba watu wa Zanzibar wamezoea makubwa, wanakwenda sinema, wanacheka mpaka jirani anasikia. Kila tulilofanya lilipimwa. Mama aliniambia siku ya kwanza, akiwa bado hajafungua sanduku: "Nasor, mwanangu, hapa hatuna pengine pa kwenda. Wakitukataa hawa, tumekwisha. Usije ukaniaibisha." Nikamwahidi. Na kwa kweli nilikaa wiki tatu nzima bila kumwaibisha.

Njia ya pili ni ya kutoka Wattayah kwenda Khuwair mpaka Bawshar. Ilikuwa nyika ya changarawe na migunga, milima mkono wa kushoto, na mkono wa kulia bahari inaonekana na kupotea. Leo yote ni barabara na maduka, kwa hiyo sitawapoteza. Lakini ule mchanga mwekundu wa Bawshar bado upo. Mkipanda mchanga, kanyageni mahali alipokanyaga mnyama au mtu mwingine, pamekwisha kushindiliwa. Wekeni kokwa ya tende mdomoni, muizungushe kwa ulimi, mate hayatakauka. Pakeni samli kati ya vidole vya miguu. Najua mna dawa za chupa zenye majina marefu, na mimi nimezinusa, nawaambia samli.

Kwenye njia hiyo nilifanya kosa langu la kwanza, nalo la jasho. Barua niliziweka mgongoni ndani ya mkoba wa kitambaa. Nilipofika, wino wa bahasha nzima ulikuwa umehamia kwenye kanzu yangu, na mwenye barua, mzee mmoja wa Bawshar, alinigeuza akanisoma mgongo. Alipata jina la mpwa wake na neno moja la salamu, mengine tukayabahatisha. Tangu siku hiyo nilifunga barua kwa turubai la mafuta, na hivyo ndivyo nilivyofanya mpaka mwisho.

Kosa la pili lilikuwa kukimbia mbele za watu. Nyinyi mtu akikimbia mnamsalimia. Zama zile, mtu mzima akionekana anakimbia kuelekea kijijini, kuna maafa. Mara ya kwanza nilipoingia kijiji cha Ghala kwa mbio, wanaume watatu walitoka na bunduki na bibi mmoja akaanza kulia kabla hajajua analia nini. Mzee Dilmurad alicheka siku mbili. "Kimbia jangwani," akaniambia. "Ukiona mnara wa kijiji, shusha kanzu, tembea kama mtu mwenye akili." Nikalishika hilo pia.

Sasa njia ya tatu, ambayo ndiyo mnayoitaka, hata kama hamjui.

Ukitoka Bawshar kwenda Ansab zamani ungeweza kupita uwandani, juani, mawe matupu, saa nzima bila kivuli. Au ungeweza kupita ukingoni mwa falaji. Falaji ni ule mfereji wa maji uliochimbwa na wazee wa wazee wetu, unatoka chini ya mlima na kupita kijiji kizima kwa mpango: kwanza mahali pa kuteka maji ya kunywa, kisha msikitini, kisha mahali pa wanaume kuoga, kisha mahali pa wanawake, halafu ndiyo mashamba. Ukingo wake ni mwembamba, upana wa miguu miwili, lakini ni sawa, hauna mlima wala bonde. Mitende imekutana juu yako. Pembeni kuna mindimu, na ikichanua harufu yake inakufuata mpaka unasahau magoti. Maji yanakwenda pamoja nawe, kwa mwendo wako. Kimbieni hapo mkitazama hatua tatu mbele, msitazame miguu. Anayetazama miguu yake ndiye anayeanguka majini. Nimeanguka mara nne, naongea kwa ujuzi.

Wiki ya nne niliamua kuijaribu njia hiyo. Nilikuwa na raba mpya, za soli laini, nilizoletewa na mtu kutoka Dubai, na nilikuwa naona raha namna zilivyonyamaza. Hakuna aliyeniambia jambo ambalo kila mtoto wa Ansab alilijua: kwamba ukikaribia mkunazi mkubwa, pale falaji inapokata kona, unasimama, unakohoa, unaita "Hud! Hud!" kama tunavyopiga hodi, unangoja ujibiwe, ndipo unapita macho chini. Maana nyuma ya mkunazi ndipo mahali pa wanawake. Mtu anayetembea husikika tu, viatu vyake vinaburura, anazungumza na punda wake. Mimi nilikata kona kwa mbio, bila sauti, nikasimama katikati yao.

Walikuwa sita au saba, wanafua, nywele wazi, mikono na miguu imelowa. Mtu wa Ansab angegeuka na kutimua mbio. Lakini mimi ni mtoto wa Unguja, nimelelewa kwamba huwapiti watu bila kuwasalimia, na watu wazima hasa. Basi nikakusanya mikono kifuani, nikasema kwa adabu zote: "Assalaam alaykum. Hamjambo?"

Kitambaa kilichojaa maji na sabuni kilinipiga usoni kikanifunika. Hapo ndipo nilipokumbuka kukimbia. Nikakimbia nisione mbele, nikaanguka majini, nikatoka, nikakimbia tena, na nikaingia kijijini kwa mbio, nimeloa chapachapa, na nguo ya kike ya kijani imenining'inia shingoni. Wanaume walikuwa wamekaa nje ya msikiti wakingoja adhuhuri. Wote waliniona.

Mnacheka. Na mimi nacheka sasa. Siku ile mama alifunga sanduku letu kabla sijamaliza kumweleza.

Alasiri niliitwa kwenye sabla, baraza la wanaume wa kijiji, mbele ya shekhe. Kahawa ilimiminwa. Shekhe akaniuliza, kama ilivyo desturi, "Ulum? Akhbar?" Habari gani, kuna jipya? Nyinyi mmezaliwa huku, mnajua jibu: hakuna jipya, kheri tupu. Hata kama nyuma yako mvua imezoa shamba zima, unajibu kheri, unakunywa kahawa, halafu ndiyo mambo yanatoka taratibu. Mimi nikadhani ananiuliza. Nikaweka finjani chini, nikaanza kueleza yote, tangu raba za Dubai, kwa Kiarabu changu cha chuoni ambacho kilifaa kumwelezea Nabii Musa lakini si kufua nguo. Nilipofika kwenye salamu yangu, kaka wa mmoja wa wale wanawake aliinuka kwa hasira.

"Huyu hana haya hata chembe," akasema. "Amewaona, tena akasimama kuwaamkia! Chumba kile cha shambani wakirudishe kwa mwenyewe, wao watafute pengine."

Binamu wa baba aliinamisha kichwa. Hakuwa na la kunitetea, na sikumlaumu. Nilifikiria mama yuko chumbani amekaa juu ya sanduku, ananisubiri. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala kabla wala baada.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nje ya ukuta wa sabla, karibu na dirisha. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, na ilizungumza Kiarabu na shekhe kwa heshima, lakini bila woga. Kisha, mbele ya watu wote, ikanigeukia kwa Kiswahili.

"Weye mtoto! Nguo yangu i wapi?"

Alikuwa Bibi Zuwena. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa ameolewa Unguja akiwa kigori, akakaa huko miaka ishirini, akarudi Ansab mjane. Mwanawe mmoja tu, Hilal, alibaki Unguja kwa kazi. Tangu mwaka ule wa sitini na nne hakuwa amepata neno lake hata moja.

"Ninayo, bibi. Nimeianika."

"Umeisuuza lakini?"

"Nimeisuuza, bibi."

Akamrudia shekhe kwa Kiarabu, na niliyoyaelewa ni haya: kwamba mimi sina kosa la macho, nina kosa la miguu. Miguu yangu haina sauti. Mtu wa Zanzibar akikuona lazima akuamkie, hata ukiwa ndani ya kisima, hivyo ndivyo walivyofunzwa na yeye anawajua. Akasema nikipewa sauti nitakuwa sina dhara. Na akarusha kitu dirishani, kikaanguka kwenye mkeka na kulia. Kilikuwa kengele ya mbuzi, ya shaba, na kamba yake ya ngozi.

Sabla nzima ilicheka, hata yule kaka alijifuta mdomo. Shekhe akahukumu. Nitapita njia ya falaji nimevaa kengele. Nikifika mkunazi nitatembea, sitakimbia, mpaka nipite mahali pa wanawake. Bibi Zuwena ndiye mdhamini wangu. Mwanamke mmoja tu akinung'unika tena, mimi na mama tutahama.

Nilimkuta mama bado amekaa juu ya sanduku. Nilipomwonyesha kengele aliitazama, akaitikisa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia. Kisha akafungua sanduku na kutoa sufuria.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa tarishi pekee wa Maskati nzima aliyevaa kengele ya mbuzi kiunoni. Mwezi wa kwanza niliona haya. Mbuzi walinifuata, na si mzaha. Mara moja niliingia Ansab na mbuzi kumi na mmoja, na mwenye mbuzi nyuma yao ananitukana. Mzee Dilmurad aliniuliza natoa maziwa kiasi gani. Lakini mwezi wa pili nikaanza kuona faida. Watu walinisikia kabla sijafika. Nikifika, mwenye barua ya kutuma keshaiandika, mwenye kiu ya habari keshasimama mlangoni, na finjani ya kahawa iko tayari, hakuna kupotezeana wakati. Na nilikimbia vizuri zaidi. Kengele ikilia sawasawa, mwendo wangu ni sawa. Ikianza kulia ovyo, nimechoka na sijajua. Saa zenu za mkononi zinawaambia mapigo ya moyo. Mimi niliambiwa na shaba ya mbuzi, na haikuhitaji chaji.

Bibi Zuwena nilimpita kila safari. Shamba lake lilianza hatua chache baada ya mkunazi. Alikuwa mwembamba, mrefu, macho makali, na alikuwa na kawaida moja: akisikia kengele anaacha alichokuwa anafanya, anasimama kwenye mwanya wa ukuta, mikono imeanguka. Mimi natembea, macho chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mna nini leo?"

"Leo hamna, bibi. Inshallah safari nyingine."

"Inshallah."

Maneno hayo hayo, mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, ukafuata wa pili. Nikaanza kuyaogopa. Nilikuwa na barua za watu wote isipokuwa za yule aliyeniponya. Huko Matrah niliwauliza mabaharia, niliuliza waliotoka Mombasa, niliuliza waliotoka Dubai, na hakuna aliyemjua Hilal. Kila nikikaribia shamba lake nilijisikia kama mtu anayekwenda kumpiga mzee kofi.

Siku moja nikafanya ujanja. Nilipopita mahali pa wanawake na kuvuka salama, niliikamata kengele kwa mkono, nikaijaza kitambaa, nikapita ukutani kwake kimya kimya. Nilifanya hivyo safari tatu. Nilijiona nina huruma sana. Safari ya nne nilimkuta amesimama ukingoni mwa falaji kabisa, ameniziba njia.

"Toa hicho kitambaa."

Nikakitoa.

"Nani kakwambia uninyamazie?"

"Bibi, nnaona haya. Kila siku nakwambia hamna."

"Basi nambie hamna! Weye kazi yako kuniambia hamna, mie kazi yangu kusikia. Tangu pale kwenye mkunazi mpaka hapa ukutani, nnapoisikia hiyo kengele, mwanangu yu hai. Hatua arubaini. Hatua arubaini kila safari mwanangu yu hai, nawe wanizibia kwa kitambaa?"

Nililia, nawaambia wazi, tarishi mzima mwenye ndevu. Akaniacha nimalize, akanipa ndimu mbili kwa safari ya kurudi. Tangu siku ile sikuificha kengele tena, na nikajifunza jambo la kazi ambalo hata Mzee Dilmurad hakunifundisha: asiye na barua pia ana haki ya kutembelewa na tarishi. Mtakaofanya kazi za watu, ofisini au hospitali, likumbukeni hilo. Usimkwepe mtu kwa sababu huna la kumpa.

Barua ya Hilal ilikuja mwaka wa sitini na saba, mwezi wa joto kali. Ilikuwa imezunguka: muhuri wa Tanga, muhuri wa Mombasa, mmoja siusomi, anwani imefutwa na kuandikwa mara mbili. Mfanyabiashara alinipa mkoba kama kawaida. Mimi nilikuwa nazipanga barua kwa vijiji, nikaona jina la Zuwena. Nikakaa chini sakafuni. Mzee Dilmurad akaichukua, akaigeuza, akaibusu, akanirudishia.

"Mlimani tembea," akasema. "Leo ndiyo utataka kukimbia mlimani. Tembea."

Nilitembea mlimani, Mungu anajua kwa shida gani. Kuanzia Ruwi nilikimbia. Sikumbuki Wattayah, sikumbuki Khuwair. Nakumbuka mchanga wa Bawshar unachoma kupitia soli, na kengele inalia kama inagombana na mtu. Nikaingia kivulini mwa falaji, maji upande mmoja, nikakimbia. Nikauona mkunazi.

Na hapo ndipo nilipotakiwa nitembee. Sheria ilikuwa bado ile ile. Mwanamke mmoja tu akinung'unika, mama anafunga sanduku. Niliwasikia wapo, wanafua, wanazungumza. Nikaita "Hud! Hud!" kwa sauti yote niliyobaki nayo, na miguu ikakataa kupunguza mwendo. Siwezi kuwaeleza zaidi ya hivyo. Niliiamrisha na ilikataa. Nikafumba macho, nikakata kona kwa mbio, kwenye ukingo wa miguu miwili, kipofu.

Sikusikia ukelele. Nilisikia maji yakichapwa, nguo zikivutwa, na sauti ya mwanamke mmoja ikisema kwa Kiarabu: "Mpisheni! Anakimbia. Ana ya Zuwena." Wakanipisha. Mmoja alinisukuma bega kidogo, kwa kitambaa, nisiangukie majini. Kisha nikawa upande wa pili na nikafumbua macho.

Bibi Zuwena alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ukuta, ameshika mtende kwa mkono mmoja. Alikuwa ameisikia kengele, na kwa miaka mitatu hakuwahi kuisikia ikilia vile baada ya mkunazi. Alikuwa ameshajua. Hakuniuliza mna nini.

"Mikono yangu ina udongo," akasema. "Isome weye."

Nikafungua turubai, nikafungua bahasha, nikasoma. "Mama yangu mpenzi. Nakuarifu kuwa mimi ni mzima—"

"Basi," akasema. "Hapo hapo. Yatosha kwa leo."

Akakaa chini ukingoni, akaingiza miguu majini na viatu vyake. Wanawake walikuwa wamekuja nyuma yangu, wamejifunika, wanalia na kupiga vigelegele pamoja. Mimi niligeukia mtende. Nilipogeuka tena, Bibi Zuwena alinyoosha mkono, akafungua kamba ya ngozi kiunoni mwangu, akachukua kengele yake.

"Umekwisha kuwa mtu wa hapa," akasema. "Pita upendavyo."

Hakuna aliyenung'unika kwa shekhe. Nikaenda kwa mama, miguu haina sauti, na nikamkuta amekaa mlangoni ameelekeza sikio njiani. Nilikuwa nimeshasimama mbele yake alipostuka.

"Umenitisha! Kengele iko wapi? Nimekaa nasikiliza tangu alasiri, moyo umeniruka, nikajua umeanguka njiani."

Sikujua. Miaka mitatu, kumbe na yeye alikuwa akihesabu. Asubuhi yake nilirudi kwa Bibi Zuwena kuomba kengele yangu, naye aliitoa mfukoni mara moja, kama aliyekuwa akiningoja, akanifunga mwenyewe.

Niliivaa mpaka mwaka wa sabini, serikali mpya ilipofungua milango ya nchi na watu wetu waliokuwa nje wakaruhusiwa kurudi. Hilal alirudi mwisho wa mwaka ule. Nilimleta mwenyewe kutoka Matrah, kwa Landrova mpaka Bawshar, kisha kwa miguu njia ya falaji, na kengele nilimfunga yeye. Zikaja barabara, ikaja posta, mimi nikapewa kiti na meza. Nilinenepa. Kiti kilikuwa kizuri, silalamiki.

Falaji bado inapita, sehemu yake kubwa, na mkunazi upo. Njia hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, nawapa. Kengele iko msumarini nyuma ya mlango wangu. Atakayetaka kukimbia nayo aje aichukue, aivae kiunoni, na asiijaze kitambaa. Nyumba yangu iko hatua chache kutoka kwenye ile kona, Maryam anapajua. Magoti hayanipeleki tena mbali, kwa hiyo Ijumaa asubuhi huwa nimeshakaa mlangoni, na nawasikiliza.